Kuhamisha Barua Pepe za Ofisi Bila Kuzipoteza

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

KABLA YA KUSIKILIZA

Mwalimu wa darasa aandike maneno haya ubaoni, nanyi myasome kwa pamoja: seva, kisanduku cha barua, hifadhi, kiambatisho, nakala ya akiba. Maana zake zimo ndani ya somo. Kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu, maana kuna hesabu moja ya kufanya.

SOMO LENYEWE

Kaeni karibu na redio, na walio nyuma wasogee mbele.

Leo tutajifunza habari ya kuhama. Si kuhama nyumba, wala si kuhama shamba. Tutajifunza jinsi ofisi inavyohamisha barua pepe zake kutoka kompyuta kuukuu kwenda kompyuta mpya. Huenda mmoja wenu anauliza, "Habari hii yanihusu nini mimi? Mimi si karani, wala sina kompyuta." Swali hilo ni zuri. Haya, tulijibu kwanza.

Tuseme wewe ni mwanachama wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mwaka jana chama kilipatana na mnunuzi juu ya bei, na mapatano yale yaliandikwa kwa barua pepe. Benki ilikubali kutoa mkopo, nayo ilijibu kwa barua pepe. Orodha ya kilo za kila mkulima ililetwa ofisini vivyo hivyo. Mwaka huu wewe unadai malipo ya pili. Karani anafungua kompyuta, anatafuta, kisha anasema, "Barua za mwaka jana hazimo. Tulihamia kompyuta mpya."

Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Hakuna moto uliounguza ofisi. Lakini shahidi wako hayupo tena. Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Siku hizi sehemu kubwa ya daftari hilo imo katika barua pepe. Kwa hiyo ofisi inapohamisha barua, inahamisha mali ya wanachama. Mwenye mali ana haki ya kuuliza jinsi kazi inavyofanywa. Mwisho wa somo hili utakuwa na maswali matano ya kuuliza siku ya mkutano.

BARUA PEPE HUKAA WAPI?

Wengi wenu mnajua sanduku la barua la posta. Barua yako haikai hewani. Inafika katika jengo la posta, inatiwa katika sanduku lenye namba yako, nawe unakwenda na ufunguo wako kuifungua.

Barua pepe ni hivyo hivyo. Haikai ndani ya simu, ingawa unaisomea katika simu. Inafika kwanza katika kompyuta moja inayowashwa usiku na mchana, ambayo kazi yake ni kupokea barua, kuzitunza na kuzipeleka. Kompyuta hiyo twaiita seva. Ndani ya seva kila mtu ana mahali pake, napo twapaita kisanduku cha barua. Ufunguo wake ni neno la siri.

Tazameni sasa anwani ya barua pepe. Katikati yake kuna alama hii: @. Ni herufi a ndogo iliyozungushiwa mkia. Aliyeichagua kwa kazi hii ni fundi mmoja Mmarekani, Ray Tomlinson, mwaka 1971, alipotuma barua za kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa njia ya mtandao. Maneno yaliyo kushoto kwa alama hiyo ni jina la mwenye kisanduku. Maneno yaliyo kulia ni jina la ofisi yake kwenye intaneti. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia: anwani ni jina tu. Seva ni jengo. Jengo laweza kubadilika na jina likabaki lile lile.

Tena kuna hifadhi. Hifadhi ni kabati la barua za zamani. Barua za mwezi huu zimo kisandukuni; barua za miaka iliyopita hutolewa na kuwekwa kando ili kisanduku kisijae. Hapa pana hatari, nanyi muisikilize vizuri. Mara nyingi kabati hilo halimo ndani ya seva. Limo ndani ya kompyuta ya karani, katika faili kubwa ambalo mafundi hulitaja kwa herufi tatu, PST. Programu ya Outlook hutumia mafaili ya namna hiyo. Yale ya namna ya kale yalikuwa na mwisho wa gigabaiti 2. Yakifika hapo yaliweza kuharibika, na barua zilizomo zisisomeke.

Pia kuna ofisi zilizosoma barua kwa njia ya zamani iitwayo POP. Njia hiyo huchukua barua kutoka katika seva na kuishusha kwenye kompyuta ya msomaji, na mara nyingi seva haibaki na nakala. Basi fundi akija na kunakili kila kitu kilichomo katika seva, atasema kweli kwamba amemaliza. Lakini barua za miaka mingi bado zimo katika kompyuta kuukuu chini ya meza ya karani, na kesho kompyuta ile yaweza kuuzwa kama chuma chakavu.

KWA NINI KUHAMA?

Mtu hahami bila sababu. Sababu ya kwanza ni uzee wa mashine. Sababu ya pili ni nafasi: kisanduku kimejaa na barua mpya zinakataliwa. Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni usalama.

Programu ya kompyuta ni kama paa la bati. Kila mara tundu huonekana, na mwenye kuitengeneza hutoa kiraka. Siku moja husema, "Programu hii imezeeka. Sitaishonea viraka tena." Kampuni ya Microsoft ina programu ya seva za barua iitwayo Exchange. Ile ya mwaka 2010 iliachwa tarehe 13 Oktoba 2020. Zile za mwaka 2016 na 2019 muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Anayebaki nazo anakaa katika nyumba ambayo fundi wake ameacha kazi.

Je, tundu lina madhara? Ndiyo. Mwezi wa Machi 2021 matundu manne yalijulikana katika seva za Exchange. Tarehe 2 Machi viraka vilitolewa. Lakini wadukuzi walikuwa wamekwisha kuingia katika seva nyingi, na waliochelewa kutia viraka waliacha mlango wazi. Makumi ya maelfu ya seva ziliguswa duniani. Hata Bunge la Norwei lilitangaza kwamba taarifa zake zilichukuliwa.

Kwa hiyo kuhama si anasa. Yatupasa kuhama. Lakini yatupasa kuhama kwa hesabu, maana kuna waliohama na mali ikabaki njiani. Sikilizeni habari yao.

YALIYOTOKEA IKULU YA MAREKANI

Huko Marekani kuna sheria ya mwaka 1978 inayosema kwamba kumbukumbu za kazi za Rais ni mali ya umma. Si mali ya Rais mwenyewe. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990 Ikulu yao, ambayo huitwa White House, ilitengenezewa mtambo wa kuhifadhi barua pepe. Wakati huo barua zao zilikuwa katika programu iitwayo Lotus Notes. Barua zilichukuliwa nakala na mtambo ukaziweka hifadhini wenyewe, bila mtu kuamriwa.

Mwaka 2002, wakati wa Rais George W. Bush, Ikulu ilianza kuhama kutoka Lotus Notes kwenda Microsoft Exchange. Visanduku vilihama. Watu walisoma barua zao asubuhi kama kawaida. Lakini ule mtambo wa kuhifadhi haukupatana na programu mpya, wala hapakuwekwa mwingine wa namna ile. Badala yake barua zilinakiliwa kwa mkono wa watu na kutiwa katika mafaili ya PST, yale yale tuliyoyataja.

Mwaka 2005 watumishi wa pale pale walikagua hifadhi. Walikuta kwamba kwa idara kadhaa kulikuwa na siku nyingi ambazo hifadhi haikuonyesha hata barua moja. Je, yawezekana ofisi ya Ikulu ikae siku nzima bila kuandika barua? Tena miaka ile ilikuwa miaka ya mambo makubwa. Vita vya Iraki vilianza Machi 2003.

Pengine mtu atasema, "Si kuna nakala za akiba?" Zilikuwapo kanda za akiba. Lakini Ikulu ilieleza mahakamani kwamba kabla ya Oktoba 2003 kanda zilikuwa zikitumiwa tena, yaani juu ya barua za jana ziliandikwa barua za leo.

Mwaka 2007 vyama viwili vya raia vilikwenda mahakamani kudai barua zile. Kimoja kiliitwa National Security Archive, na cha pili Citizens for Responsibility and Ethics in Washington. Kesi ilikwisha kwa mapatano mwezi wa Desemba 2009, Rais mwingine akiwa amekwisha kuingia. Ndipo ilipotangazwa kwamba mafundi wamepata barua milioni 22 ambazo zilidhaniwa hazipo. Nyingi zilikuwa zimeandikwa majina yasiyo yao na kuwekwa mahali pasipo pao. Tena ilikubaliwa kwamba barua za siku 94 zitafufuliwa kutoka katika kanda za akiba.

Haya, tufikiri. Nini kilipotosha kazi ile? Si upungufu wa fedha. Si upungufu wa mafundi. Mambo matatu yaliachwa. La kwanza, walihamisha visanduku bila kuhamisha kabati. La pili, hesabu ya barua haikufanywa siku ya kuhama. Ilikuja kufanywa baada ya miaka. La tatu, akiba ya zamani ilifutwa kabla kazi mpya haijathibitika. Ikiwa mambo hayo yaliipata Ikulu ya nchi tajiri, chama chetu chenye karani mmoja kisijione salama.

HATUA ZA KAZI

Sasa tutaeleza jinsi kazi inavyofanywa vizuri. Kuna hatua sita. Ziandikeni.

Hatua ya kwanza: orodhesha. Kabla ya kufunga mzigo, jua una vitu gani. Fundi na karani wakae pamoja na kuandika: kuna visanduku vingapi? Vya nani? Kuna visanduku vya watu walioacha kazi? Hivyo husahauliwa kwanza, ingawa huenda ndani yake mna barua za mhasibu wa zamani. Kila kisanduku kina barua ngapi, na ukubwa gani? Mafaili ya hifadhi yako katika kompyuta zipi? Tena waandike yasiyo barua: kalenda ya mikutano, orodha ya anwani za watu, na habari ya nani ameruhusiwa kufungua kisanduku cha nani.

Hatua ya pili: weka nakala ya akiba. Nakala ya akiba ni kama mbegu unayoiweka darini. Barua zote zinakiliwe katika diski mbili. Moja ikae ofisini, ya pili ikae mahali pengine, ili moto ukiunguza moja nyingine ipone. Kisha fundi ajaribu kurudisha barua chache kutoka katika diski zile. Nakala ambayo haijajaribiwa ni kama mbegu ambayo haijaoteshwa: hujui kama i hai.

Hatua ya tatu: nakili polepole. Angalieni neno hili: nakili. Hatubebi barua kutoka seva ya kale. Tunaichukua nakala yake tu, na barua yenyewe inabaki palepale. Kazi hii yachukua muda gani? Hapa ndipo pana ile hesabu. Chukueni kalamu.

Chama kina visanduku 20. Kila kisanduku kina gigabaiti 5. Jumla ni gigabaiti ngapi? Ni 100. Gigabaiti moja ni megabaiti 1,000, kwa hiyo ni megabaiti 100,000. Lakini mwendo wa intaneti hupimwa kwa megabiti, na kila megabaiti ni megabiti 8. Basi tuna megabiti 800,000. Intaneti ya ofisi yapeleka megabiti 10 kwa sekunde moja. Gawanyeni 800,000 kwa 10. Mmepata sekunde 80,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Jibu ni saa 22 na dakika 13, tena hiyo ni kama umeme haukatiki, intaneti haipungui, na hakuna mwingine anayeitumia.

Mnaona? Akija mtu akisema, "Nitahamisha zote leo baada ya chakula cha mchana," hesabu yamkataa. Fundi mwema huanza mapema. Hunakili barua za zamani kwa siku kadhaa, usiku hasa, watu wakiendelea na kazi katika seva ya kale. Siku ya mwisho hubaki kunakili zile barua chache zilizoingia baadaye.

Tena kila njia ya kunakili ina mipaka yake. Kuna njia iitwayo IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, nayo hutumika sana hata leo. IMAP huchukua barua pamoja na majalada yake. Lakini haichukui kalenda, wala haichukui orodha ya anwani. Hizo zitafutiwe njia nyingine. Na tena seva nyingi hukataa barua yenye mzigo mkubwa kupita kiasi kilichowekwa. Barua yenye picha nyingi au ramani ya shamba yaweza kuachwa njiani. Programu ya kunakili huandika taarifa ya barua zilizoachwa. Taarifa hiyo isomwe mstari kwa mstari.

Hatua ya nne: geuza kibao. Kumbukeni tuliyosema, kwamba anwani ni jina na seva ni jengo. Kwenye intaneti kuna daftari kubwa la anwani. Seva ya mnunuzi ikitaka kukuletea barua, hutazama daftari lile kwanza iulize, "Barua za chama hiki zapelekwa jengo gani?" Siku ya kuhama, fundi hubadili mstari ule uelekeze jengo jipya. Lakini kuna jambo la kuangalia. Kompyuta za dunia huyakumbuka majibu ya daftari kwa muda, pengine saa 24. Kwa hiyo siku kadhaa kabla ya kuhama, fundi hupunguza muda huo uwe mfupi, kama dakika 5. Asipofanya hivyo, barua nyingine zitaendelea kwenda jengo la zamani wakati watu wamekwisha kuhama. Ndiyo maana seva ya kale haizimwi siku ile ile. Inaachwa ipokee wageni waliopotea njia.

Na seva mpya ikiwa imefungwa kidogo wakati wa kuhama, msiogope. Kwa kawaida seva ya mtumaji haikati tamaa upesi. Hujaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku 4 au 5, kabla ya kumrudishia mwenyewe barua yake.

Katika daftari lile lile kuna orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. Seva mpya iandikwe humo. La sivyo, barua zenu kwa benki zitadhaniwa za matapeli na kutupwa katika jalada la barua taka, nanyi mtangoja jibu lisilokuja.

Hatua ya tano: linganisha. Fundi aweke orodha mbili sambamba. Jalada la "Mnunuzi" lilikuwa na barua 412 katika seva ya kale. Je, katika seva mpya ziko 412? Zikiwa 409, zile tatu ziko wapi? Kisha kila mwenye kisanduku afungue mwenyewe. Atafute barua yake ya zamani kuliko zote. Afungue viambatisho vitatu au vinne aone kama vinasomeka. Atazame tarehe: wakati mwingine barua za miaka kumi huonyesha tarehe ya siku ya kuhama, na barua yenye tarehe ya uongo ni shahidi asiyefaa. Atazame pia barua alizozituma, maana wengi hukagua zilizoingia na kusahau zilizotoka.

Hatua ya sita: usiivunje nyumba ya zamani upesi. Waswahili husema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Seva ya kale ikatwe mtandaoni baada ya barua kuacha kufika huko, ili wadukuzi wasiipate. Lakini diski zake zitunzwe chini ya kufuli angalau mpaka hesabu za mwaka zikaguliwe, na sheria au mkaguzi akitaka muda zaidi, zitunzwe zaidi. Siku ya kuzifuta ikifika, zifutwe kwa uamuzi ulioandikwa katika kumbukumbu za kikao. Karani asifute peke yake.

JIHADHARINI NA MATAPELI

Kuna jambo moja la kukuhusu hata kama huna ofisi. Matapeli wanajua kwamba watu huhama seva. Kwa hiyo hutuma barua zinazosema, "Kisanduku chako kinahamishwa. Bonyeza hapa utie neno lako la siri, la sivyo barua zako zote zitafutwa leo." Hofu inamshika mtu, anabonyeza, anaandika. Amekwisha kumpa mwizi ufunguo. Mwizi akipata ufunguo anaandika kwa jina la chama, "Tumebadili benki, fedha za kahawa zitumwe kwenye akaunti hii." Mnunuzi anaona anwani ni ile ile, naye analipa.

Basi shikeni kanuni hii. Fundi wa kweli hakuombi neno lako la siri kwa barua. Ukipata barua ya namna hiyo, usibonyeze. Nenda ofisini kwa miguu yako, au piga namba ya simu unayoijua tangu zamani, uulize. Na ofisi inayohama iwatangazie watu wake mapema: tutahama siku fulani, fundi ni fulani, na hatutamwomba mtu yeyote neno la siri.

Tena fundi anayenakili barua aweza kuzisoma. Humo mna habari za mikopo, za ugonjwa, za ugomvi wa watu. Nchini Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Kwa hiyo chama kisimpe kazi mtu aliyepita njiani. Kiandikiane naye mapatano, na kazi ikiisha ruhusa aliyopewa iondolewe.

MASWALI MATANO YA MKUTANO

Sasa tufike tulikoahidi. Mwenyekiti akisimama na kusema, "Ndugu wanachama, tunahamisha barua pepe zetu," wewe nyanyua mkono, uulize kwa adabu:

1. Ndugu mwenyekiti, kuna orodha ya visanduku vyote na ya mafaili ya hifadhi yaliyo katika kompyuta za makarani?

2. Nakala za akiba ziko wapi, na nani amezijaribu?

3. Nani atahesabu barua kabla na baada ya kuhama, na matokeo yatasomwa lini mbele yetu?

4. Baada ya kuhama, barua mpya zitawekwaje hifadhini, na kazi hiyo ni ya nani?

5. Seva ya kale itatunzwa mpaka lini, na nani mwenye ufunguo wake?

Swali la nne ndilo ambalo White House ilichelewa kulijibu. Maswali haya hayahitaji elimu ya kompyuta. Yahitaji mtu anayejua kwamba kitabu cha chama ni chake pia. Zamani mwanachama aliweza kuingia ofisini na kuliona kabati la majalada kwa macho yake. Leo kabati halionekani, kwa hiyo hatuna budi kuuliza zaidi kuliko baba zetu walivyouliza.

Turudie kwa ufupi. Orodhesha. Weka akiba. Nakili polepole. Geuza kibao. Linganisha. Usivunje ya zamani upesi. Semeni pamoja na mwalimu wenu mara mbili, kisha mfunge madaftari.

KAZI YA DARASA

1. Elezeni kwa maneno yenu tofauti kati ya anwani na seva.

2. Kwa nini fundi aliyenakili kila kitu kilichomo katika seva aweza kuwa bado hajamaliza kazi?

3. Fanyeni hesabu hii: visanduku 10, kila kimoja gigabaiti 2, intaneti ya megabiti 4 kwa sekunde. Kazi itachukua saa ngapi na dakika ngapi? (Jibu: sekunde 40,000, yaani saa 11 na dakika 6, na sekunde chache zaidi.)

4. Zungumzeni: je, katika chama, shule au kikundi chenu, barua za miaka mitano iliyopita ziko wapi? Chagueni mtu mmoja akaulize, alete jibu darasani wiki ijayo.

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Mwalimu wa darasa sasa ataongoza mazungumzo. Kwaherini.